Kitabu na Chombo Chake

Kila kitabu kina miili miwili. Mwili wa kwanza ni maneno yake, ambayo huweza kukaa katika kichwa cha mtu, katika karatasi au katika faili ya kompyuta, nayo yakawa ni yaleyale. Mwili wa pili ni chombo kinachoyachukua maneno hayo toka kwa mwandishi mpaka kwa msomaji. Sisi tunaofundisha fasihi aghalabu hushughulika na mwili wa kwanza, na ule wa pili twawaachia wachapaji, wauza duka, na siku hizi mafundi wa kompyuta. Katika makala haya nataka kuupa mwili wa pili haki yake. Historia ya Kiswahili yaonyesha kwamba kila mara kitabu kilipobadilisha chombo, yalivuka yale yaliyonakiliwa, na yasiyonakiliwa yalibaki ng'ambo. Na mara nyingi aliyeamua yapi yavuke hakuwa mtunzi wala msomaji, alikuwa mwenye chombo.

Jambo hili nalitazama kutoka Endulen kwa makusudi. Endulen ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, kusini-magharibi ya kreta, ndani ya eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959 ili watu na mifugo yao wakae pamoja na wanyama wa porini. Pana hospitali ya Kanisa Katoliki, pana shule, na wenyeji walio wengi ni Wamasai wafugaji. Atakaye duka la vitabu hulifuata Karatu au Arusha, na njia hupita ukingoni mwa kreta hadi lango la Lodoare, njia ambayo wakati wa masika haina huruma. Tangu mwaka 2022 familia kadha wa kadha za Ngorongoro zimehamia Msomera, katika Wilaya ya Handeni, kwa mpango wa serikali uliozusha mabishano makubwa ambayo si shabaha yangu kuyaamua hapa. Nautaja uhamaji kwa sababu moja. Maktaba ya matofali haihami na watu. Kitabu kilichomo katika chombo kidogo cha mkononi chaweza kuhama nao, iwapo chombo hicho kimechaguliwa vema. Kwa hiyo mwalimu wa Endulen anayeuliza anunue chombo gani cha kusomea vitabu pepe, na vitabu vyenyewe aviweke katika faili za namna gani, anauliza swali zito kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, ambaye akikosea atavuka barabara akaazime kitabu cha karatasi.

Tuanze mbali kidogo. Chombo cha kwanza cha fasihi yetu kilikuwa kichwa cha mtu, nacho si chombo dhaifu kama wengi wadhanivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban toka 1776 hadi 1840, alitunga mashairi yake wakati Mazrui wa Mombasa walipokuwa wakivutana na Seyyid Said, na watu wakayapokea kwa masikio, wakayachukua katika baraza na majahazi. Miaka mingi baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa mji huohuo, aliyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Kutoka kwake yalifika kwa W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekaa Mombasa, ambaye aliyanakili kwa herufi za Kirumi na kuyaongezea maelezo ambayo Mwalimu Sikujua alimpa. Karatasi za Taylor zilikwenda London, na hivi sasa zimo katika maktaba ya SOAS. Kwa karatasi hizo William Hichens alitengeneza Diwani ya Muyaka, iliyochapwa Johannesburg mwaka 1940. Na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kikubwa juu ya mshairi huyo.

Hesabu, msomaji, vyombo hivyo: kichwa, hati ya Kiarabu, hati ya Kirumi, chapa. Katika miaka mia moja baada ya mauti ya Muyaka mashairi yake yalivuka vyombo vinne, na kila kivuko kilikuwa na mtu aliyekaa kitako akanakili. Mashairi ya wenzake Muyaka waliojibizana naye, na hapana shaka walikuwapo hodari miongoni mwao, tunayo machache mno. Hayakuwa mabaya zaidi. Hayakupata Sikujua wao.

Herufi za Kiarabu zilikuwa umbizo, neno ambalo mafundi wa kompyuta hulitumia kwa maana ya namna maandishi yanavyofungwa ndani ya faili, hata chombo kimoja kiweze kuyafungua na kingine kishindwe. Umbizo hilo lilituhifadhia mengi. Hati ya Utendi wa Tambuka iliyonakiliwa Pate mwaka 1728 ingaliko mpaka leo katika maktaba ya Hamburg, karibu karne tatu tangu wino wake ukauke, wala sidhani kwamba faili yoyote niliyo nayo mimi itafika umri huo. Lakini kila umbizo lina mipaka yake. Kiarabu kina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. I na e zikashirikiana alama moja, o na u nyingine, hata choma na chuma yakaandikwa sawasawa, na msomaji akalazimika kuijua maana kwanza ndipo apate kulisoma neno. Sauti ya p haikuwa na herufi yake, wala ch, wala v. Waandishi wa pwani walikabili upungufu huo kwa mazoea na kwa vijialama vya ziada, kila mji na desturi yake.

Kisha zikaja herufi za Kirumi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kuandika Kiswahili kwa herufi hizo. Steere akafanya vivyo Unguja. Serikali za kikoloni zikazishika. Gazeti la Mambo Leo likaanza mwaka 1923. Na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikapanga tahajia moja kwa vitabu vya shule. Faida yake siipingi, kwa kuwa makala haya yenyewe ni tunda lake. Lakini tutazame upande wa pili. Mzee wa Pate au wa Lamu aliyesoma na kuandika Kiswahili tangu utotoni, aliyekuwa na sanduku la tenzi chumbani mwake, alilala akiwa msomi akaamka akiwa mtu asiyejua kusoma katika hesabu za shule na serikali. Maneno ya vitabu vyake hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni chombo, na wajukuu wake hawakupewa ufunguo wa kukifungua. Hati nyingi ziliachwa zikaliwa na mchwa kwa sababu warithi walidhani ni karatasi za dini zisizosomeka. Kazi aliyoifanya J. W. T. Allen katika miaka ya 1960, ya kukusanya hati kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa ni kazi ya kuokoa mizigo ya jahazi lililokwisha kutoboka.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu yaliyotokea kwa vitabu pepe ni hayohayo, isipokuwa yametokea kwa haraka zaidi. Kilichochukua miaka mia pwani ya Afrika Mashariki kimechukua miaka kumi au ishirini hivi katika biashara ya vyombo vya umeme.

Tarehe 4 Julai 1971, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Michael Hart aliandika katika kompyuta Azimio la Uhuru wa Marekani ili mtu yeyote alichukue bure, akaanzisha hazina iitwayo Project Gutenberg. Maandishi hayo yalikuwa matupu, pasipo mapambo, yote kwa herufi kubwa, kwa mpangilio wa herufi uitwao ASCII uliokuwa umewekwa mwaka 1963. Hapa Kiswahili kilipata bahati ambayo wachache huitambua. Lugha nyingi za dunia zina vitone na mikwaju juu ya herufi ambavyo ASCII haikuvijua. Tahajia yetu haihitaji zaidi ya herufi za kawaida na kile kijimkwaju cha ng'. Hata hicho kijimkwaju, hata hivyo, kina fitina yake. Mashine huweza kukiandika kwa namna mbili, ya kusimama wima na ya kupinda, na kwa programu nyingi hizo ni alama mbili tofauti. Mwanafunzi akitafuta ng'ombe katika kitabu ambacho mwandishi wake alitumia mkwaju uliopinda, huambiwa kwamba hamna ng'ombe hata mmoja. Endulen hilo litachekesha.

Baada ya maandishi matupu zikaja biashara. Kampuni ya Adobe ilitoa PDF mwaka 1993, ambayo huhifadhi sura ya ukurasa kama ulivyopangwa na mchapaji: mistari, picha na nambari za kurasa hubaki pale pale popote uendapo. Mwaka 2008 umbizo hilo likawa kipimo cha kimataifa. Mwaka 1999 wachapishaji na mafundi walikubaliana juu ya umbizo la pamoja la vitabu pepe, ambalo mwaka 2007 lilizaa EPUB. Hili halishiki sura ya ukurasa. Ukiifungua faili ya EPUB kwa jicho la fundi utakuta kurasa zilizoandikwa kwa lugha ileile inayotumika kuandika tovuti, zimekunjwa pamoja katika kifurushi kimoja kama nguo sandukuni, na kila chombo huzikunjua kwa kadiri ya ukubwa wa kioo chake. Herufi zikikuzwa kwa ajili ya mzee, mistari hujipanga upya. Kanuni zake ziko wazi, na yeyote aweza kutengeneza chombo cha kuisoma bila kumwomba mtu idhini.

Karibu na hilo likakua umbizo jingine, na hadithi yake yafaa kusimuliwa. Mobipocket ilikuwa kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 2000. Faili zake, MOBI, zilisomeka katika simu na kompyuta ndogo za wakati ule. Mwaka 2005 Amazon iliinunua, na tarehe 19 Novemba 2007 ikatoa chombo chake, Kindle, kwa bei ya dola 399, ambacho umbizo lake lilijengwa juu ya MOBI na kuongezewa kufuli. Watu wengi duniani wakajaza MOBI katika hazina zao. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ikatangaza kwamba haitapokea tena MOBI katika huduma yake ya kupeleka faili kwenye Kindle, na badala yake itapokea EPUB, ambayo huigeuza kuwa umbizo lake yenyewe. Miaka ishirini na miwili hivi ilitosha kwa umbizo kuzaliwa, kutawala na kustaafishwa. Umbizo la Microsoft lililoitwa LIT lilikwisha kuzikwa mwaka 2012. Chombo cha kwanza cha wino wa umeme kuuzwa kwa watu wote, Librié ya kampuni ya Sony, kilitoka Japani mwaka 2004 kikiwa na vitabu vilivyojifunga baada ya siku sitini, kana kwamba msomaji ni mpangaji na maneno ni chumba.

Kufuli ndilo jambo ambalo wauzaji hawalitaji wanapoonyesha bidhaa. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka vyombo vya wasomaji nakala za vitabu viwili vya George Orwell, Nineteen Eighty-Four na Animal Farm, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, na radhi ikaombwa. Lakini wasomaji walijifunza usiku mmoja kwamba rafu zao zilikuwa na mlango wa nyuma. Kitabu hicho cha pili Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Aliyekinunua mwaka huo angali nacho, kama mchwa hawajakila, na hata mchwa hawatumwi na muuza duka. Mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kuvishusha vitabu vilivyonunuliwa kwenye kompyuta ili kuvipeleka katika Kindle kwa waya. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu mdogo. Kwa mahali ambapo mtandao huja na kwenda kwa hiari yake, ni kama kuambiwa kwamba maji yako umeyanunua lakini ndoo hairuhusiwi.

Je, vyombo hivi vimepata kujaribiwa kwa watu kama wale wa Endulen? Vimejaribiwa. Shirika la Worldreader, lililoanza kazi Ghana mwaka 2010 kwa kugawa Kindle mashuleni, lilifika mwaka uliofuata Kilgoris, katika nchi ya Wamasai upande wa Kenya. Watoto waliokuwa wakigombea kitabu kimoja wakapata rafu nzima katika kiganja. Shida yao kubwa haikuwa maarifa, kwa maana watoto hujifunza kubonya upesi kuliko waalimu wao. Ilikuwa udhaifu wa kioo, ambacho huvunjika kikikaliwa au kikianguka juu ya jiwe. Baadaye shirika hilo liliweka nguvu nyingi katika simu za mkononi, kwa sababu simu zilikwisha kuwamo mikononi mwa watu. Nasi Tanzania tulipata vyombo kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 viligawiwa walimu wa shule za umma. Sensa ilihesabu watu, na ilipokwisha ikaacha nyuma yake maelfu ya rafu tupu zikingoja vitabu.

Kwa hiyo mwalimu wa Endulen haanzi na mikono mitupu, na swali lake la kwanza ni kama kishikwambi hicho kinatosha. Jibu langu ni kwamba chatosha kwa vitabu vya picha, ramani na vile vya shule ambavyo hupatikana mtandaoni katika PDF, kwa kuwa kioo chake ni kipana na kina rangi. Hakifai kwa kusoma riwaya ya kurasa mia tatu. Kioo chake hutoa nuru yake chenyewe, na jua la tambarare zile hukishinda. Umeme wake hudumu siku moja au mbili, na boma linalotegemea bamba dogo la umeme wa jua lina simu na taa za kuchajiwa kwanza. Chombo cha wino wa umeme ni kinyume chake. Ndani ya kioo chake mna vijipovu visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeusi na nyeupe ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha. Zikisha kukaa mahali pake hubaki pale pasipo kula umeme tena. Chombo hula umeme ukurasa unapogeuzwa, kikadumu wiki kadha, na jua likizidi kuwa kali maandishi yazidi kusomeka, kama karatasi. Ubaya wake ni kwamba huonyesha PDF vibaya: ukurasa mkubwa husinyaa katika kioo kidogo hata herufi zikawa kama mayai ya chawa, na ukiukuza wapaswa kuusukuma huku na huku kila mstari.

Watu wengi wakiona hivyo huamua kuzigeuza PDF zote kuwa EPUB. Iko programu ya bure ya kazi hiyo, Calibre, ambayo Kovid Goyal aliianza mwaka 2006 baada ya kununua chombo cha Sony kilichokataa kusikilizana na kompyuta yake. Na kwa nathari hufanya kazi nzuri. Lakini mwanafunzi wa ushairi na awe mwangalifu. Shairi letu la mizani kumi na sita huchapwa mara nyingi vipande viwili mkabala, ukwapi kushoto na utao kulia. Mashine isiyojua shairi ni nini huona safu mbili kama za gazeti, ikasoma ukwapi wote toka juu mpaka chini, kisha ikarudi kuanza utao. Vina vyote vimo, mizani yote imo, wala hapana neno lililopotea, na hata hivyo shairi limekufa. Nambari za kurasa nazo huanguka katikati ya sentensi, na kichwa cha sura hurudiwa kila baada ya aya tatu. Iwapo PDF yenyewe ni picha ya kurasa za kitabu cha zamani, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake hamna herufi hata moja. Mna picha ya herufi, na programu ya kumsomea kipofu kwa sauti hukuta ukuta mweupe. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba EPUB ni bora kwa kila kitu. Kwa diwani, PDF iliyopangwa na mtu anayejua bahari za ushairi ina thamani kuliko EPUB iliyotemwa na mashine.

Yapo mafundisho juu ya jambo hili karibu sana na Endulen kuliko California au Tokyo. Katika tambarare za Laetoli, ndani ya hifadhi ileile, mwaka 1978 na 1979 wenzake Mary Leakey na Mary Leakey mwenyewe walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno yaliyolowa, miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Ni nyayo zipatazo sabini katika mstari wa meta 27. Walizipima, walizipiga picha, walizifinyanga nakala zake, kisha wakazifukia tena. Ndani ya mchanga uliotumika kufukia mlikuwa na mbegu za migunga. Zikaota, na mizizi ikaanza kutishia zile nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ya Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani walifukua, wakakata mizizi, wakapima upya kwa ala bora zaidi, wakafukia kwa uangalifu uliowashinda wa kwanza. Mwaka 2015 wataalamu, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikuta nyayo nyingine jirani na zile.

Angalia jinsi kazi ilivyogawanywa. Asili imefichwa chini, haisomwi na mtu. Nakala ndizo zinazosomwa, katika majumba ya makumbusho na katika vitabu. Nakala ikivunjika hufinyangwa nyingine. Na asili haikuachwa ijilinde; ilirudiwa baada ya miaka kumi na mitano hivi ikakutwa inaliwa na mizizi. Mtunza vitabu pepe apaswa kufanya vivyo hivyo. Awe na nakala ya kutunza, isiyo na kufuli, katika umbizo ambalo kanuni zake ziko wazi: EPUB kwa nathari, PDF kwa kile ambacho sura ya ukurasa ni sehemu ya maana yake, na maandishi matupu pembeni kama tahadhari. Iwekwe katika diski mbili, moja shuleni na nyingine kwingineko. Kutoka hiyo zitolewe nakala za kusomea, kwa kishikwambi, kwa simu, kwa Kindle, kwa chochote; hizo zikipotea hapana msiba. Na kila baada ya miaka michache afungue ile ya kutunza aone kama mizizi haijaingia. Kitabu kilichonunuliwa kikiwa na kufuli kihesabiwe kuwa nakala ya kusomea tu, hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa Endulen hufika shuleni na Kimasai, ambacho wenyewe hukiita Maa, na lugha hiyo ina irabu tisa. Herufi za Kirumi zina tano. Basi kile ambacho Kiarabu kilikifanyia Kiswahili, Kirumi kimekifanyia Kimasai: irabu mbili hushirikiana herufi moja, na msomaji hujua ipi ni ipi kwa kuwa alikwisha kuyajua maneno. Wataalamu wa isimu wana alama za irabu hizo nne za ziada, na za kidatu pia. Zamani alama hizo zilipachikwa katika kompyuta kwa hila, fundi akichonga fonti yake mwenyewe na kuiweka herufi mpya mahali pa herufi nyingine. Faili ilisomeka katika mashine yake na kugeuka takataka katika mashine ya jirani. Tangu mwaka 1991 uko mpangilio wa Unicode, ambao lengo lake ni kuipa kila herufi ya kila lugha nambari yake, na EPUB imejengwa juu yake. Lakini nambari peke yake haitoshi. Chombo chapaswa kuwa na fonti yenye sura ya herufi hiyo, la sivyo huonyesha kijisanduku kitupu. Hadithi za wazee wa Endulen, ambazo chombo chake mpaka sasa ni vichwa vya wazee hao, zitaandikwa na mtu siku moja, yaani zitapata Sikujua wao. Nisingependa zivuke na irabu tano zikaziacha nne ng'ambo kwa ajili ya chombo kilichonunuliwa bila kutazamwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha mwalimu na atengeneze faili moja fupi ya EPUB, yenye beti mbili za shairi la vipande viwili, sentensi moja yenye neno ng'ombe, na mstari mmoja wa Kimasai wenye irabu zote tisa. Aiweke katika chombo kwa waya, mtandao ukiwa umezimwa, kisha atoke nacho nje ya duka akasimame juani. Vipande vikikaa mkabala, ng'ombe akipatikana kwa kutafutwa, na irabu tisa zikionekana kila moja kwa sura yake, alipe. Vijisanduku vikitokea, amrudishie muuzaji chombo chake.